Mafundo ya Mzee Kamba

Mimi si mwepesi wa kuomba radhi, na anayenijua atakwambia hivyo kabla hujaketi. Wifi yangu ananiita Bi Orodha, na jina hilo nimelistahili. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa natoka masijala ya ardhi, ambako nimepanga majalada tangu ujana wangu, naingia supamaketi iliyo karibu na kituo cha basi nikiwa na karatasi mkononi. Nasukuma toroli safu hadi safu, natia alama kwenye karatasi, nalipa, naondoka. Saa moja tu, na mahitaji ya mwezi mzima yamekwisha. Nilikuwa nikitoka pale na mifuko yangu najiona mwanamke niliyeyaweza maisha.

Mama yangu haoni. Hakuzaliwa hivyo. Alishona sare kiwandani miaka thelathini, macho yakaanza kumfifia juu ya cherehani, na mwaka aliostaafu yakazimika kabisa. Nyumbani tuko watatu: mama, mimi, na huyo wifi, mjane wa kaka yangu, ambaye anakaa chumba cha uani na kufua na kupiga pasi nguo za watu. Ana pasi mbili na ulimi mmoja, lakini huo ulimi unatosha.

Kutoka mlangoni kwetu hadi dukani kwa Mzee Kamba ni hatua mia moja na kumi na nane. Mama ndiye aliyezihesabu. Hatua thelathini hadi kwenye nguzo ya umeme, unaishika, unageuka kulia, unafuata ukuta wa shule hadi unapokatika, kisha unavuka kichochoro na kunyoosha mkono. Hapo unaigusa kaunta, ubao uliolainika kwa viwiko vya wateja. Alikwenda kila asubuhi, jua likishapanda kidogo, na fimbo yake na kikapu, akanunua kitu kimoja. Leo sukari, kesho chumvi, keshokutwa kiberiti. Akiishiwa vya kununua alinunua mshumaa, yeye ambaye mwanga haumfai kitu.

“Mama,” nilikuwa namwambia, “si ununue vyote siku moja, upumzike?”

“Nikinunua vyote leo,” alijibu, “kesho nitakwenda wapi?”

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa kizee.

Mzee Kamba tulimpa jina hilo kwa sababu hakuupenda mfuko wa plastiki. Alipima kwenye mizani yake ya mawe, akamimina kwenye karatasi ya gazeti, akakunja pembe nne, halafu akavuta kamba ya katani iliyoning'inia darini kwenye kibiringo na kufunga. Alifunga polepole mno. Ukiwa na haraka ungeweza kumwua. Mimi nina haraka tangu nizaliwe, kwa hiyo nilikuwa sikanyagi pale. Vifurushi alivyoleta mama nilivikata kwa kisu, kamba nikazitupa jalalani.

Mwaka jana, msimu wa mvua, mama aliteleza pale kwenye kichochoro. Alichunika goti na kiganja, si zaidi. Mzee Kamba mwenyewe alimrudisha nyumbani, ameacha duka wazi. Nilipofika jioni nikakuta mama amefungwa kitambaa gotini anakunywa chai, nikafoka. Nilimfokea mama, nikamfokea wifi, na kama mvua ingekuwa na masikio ningeifokea pia. Nikasema basi, imetosha. Kuanzia mwezi ule niliongeza kwenye orodha yangu kila kitu alichokuwa akienda kununua: sukari, chumvi, unga, majani, sabuni, viberiti, hata mishumaa. Nikajaza kabati la jikoni hadi mlango ukagoma kufunga.

“Haya,” nikamwambia. “Huna tena shida ya kutoka.”

Mama alipapasa mifuko ile mmoja baada ya mwingine, yote ya plastiki, yote ya kilo moja, yote laini. Akasema, “Ahsante, mwanangu.” Nakumbuka alivyosema, kwa sababu baadaye nililirudia neno lile kichwani mara nyingi. Halikuwa na uzito wowote.

Mwezi wa pili wake walikuja wageni, wanawake watatu walioshona naye kiwandani. Mama alivaa gauni lake la bluu. Hakutaka mtu amsaidie. Chai ya wageni wake angepika mwenyewe. Alipika, akamimina, akawapa. Wale wanawake walikunywa. Mmoja alikohoa. Mwingine akasema mtaa wetu umebadilika sana siku hizi. Mama alipoonja kikombe chake ndipo akagundua ameikoroga kwa chumvi, na kwamba wenzake walikuwa wakiimeza kwa sababu ya adabu.

Alicheka pamoja nao. Wifi anasema alicheka vizuri tu. Lakini walipoondoka alikaa kitandani na gauni lake la bluu hadi jioni, mikono mapajani. Nami niliporudi na kusikia habari hiyo, nilifanya nini? Nikamkataza kupika chai. Nilisema kwa upole, lakini nilimkataza.

Baada ya hapo sukari ikaanza kupotea.

Si sukari peke yake. Nilikuwa nahesabu mifuko kwa macho kila jioni, kwa vile ndivyo nilivyo, na niliona inapungua. Wiki moja mfuko wa chumvi haupo, wiki ya pili unga. Mama hawezi kula kilo ya chumvi. Mimi sili nyumbani mchana. Basi amebaki nani? Nilimfuata wifi uani, pasi mkononi mwake na shati la mtu ubaoni, nikamwuliza bila salamu:

“Wifi, unavipeleka wapi?”

“Nini?”

“Usinifanye mjinga. Sukari yangu. Unauza au unawapa ndugu zako?”

Nilingoja anitolee maneno yake yenye pilipili, kwa sababu tungegombana na kuyamaliza. Hakunitolea. Aliiweka pasi juu ya kigae chake, akalikunja lile shati ambalo hata halijakauka.

“Miaka tisa nakaa humu,” akasema, “hata sindano yako sijawahi kuichukua bila kukwambia. Kamwulize mwenye kabati.”

“Mwenye kabati ni mimi.”

“Ndiyo,” akasema. “Hapo ndipo kwenye shida.”

Usiniulize kama niliona haya. Niliona hasira. Nikaingia jikoni, nikavuta kabati mbele, nikamulika nyuma ya masufuria. Na pale nyuma, vimepangwa kwa mstari, nikavikuta vifurushi vya gazeti vilivyofungwa kwa kamba ya katani. Sita.

Nikajua kila kitu, au nilidhani najua. Yule mzee anamwita mama kwa siri na kumwuzia vitu ambavyo tayari tunavyo. Mama haoni, anavuka kichochoro kilekile kilichomwangusha, ili yule apate mteja. Mifuko yangu wifi anaipeleka anakojua. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Sikunywa hata chai. Nilikichukua kifurushi kimoja na kwenda zangu, na naungama, hatua zangu hazikufika hata themanini.

Duka lilikuwa wazi na hapakuwa na mteja. Mzee Kamba alikuwa amekaa juu ya debe, miwani kwenye paji la uso.

“Shikamoo,” nikasema, kwa sababu hasira ni hasira na adabu ni adabu.

“Marahaba, binti yangu. Leo njia imekupotea?”

Nikakitua kifurushi juu ya kaunta kwa kishindo. “Mzee wangu, huoni aibu? Mama yangu kipofu. Ndani kumejaa vitu. Wewe unamwuzia vya nini?”

Aliinuka taratibu, akapapasa chini ya kaunta, akatoa boksi la katoni na kuliweka mbele yangu. Ndani yake mlikuwa na mifuko ya plastiki mitupu, imekunjwa vizuri, mmoja juu ya mwingine. Ya sukari. Ya chumvi. Ya unga. Kila mmoja una nembo ya supamaketi yangu.

“Hiyo sukari si yangu,” akasema. “Ni yako. Mimi nimefunga tu.”

Sikuelewa. Akakichukua kile kifurushi, akakigeuza na kuniwekea kamba chini ya kidole.

“Kuna mafundo mangapi hapo?”

Nikagusa. “Moja.”

“Moja ni sukari. Mawili chumvi. Matatu unga. Majani ya chai ni fundo moja lenye mkia mrefu. Tulikubaliana na mama yako mwaka aliopoteza macho. Alisimama hapo ulipo wewe, akaniambia, ‘Mzee, nifundishe jikoni kwangu upya.’ Nami sijui kufundisha. Najua kufunga.” Akashusha miwani. “Baada ya ile chai ya wageni alikuja na mfuko wako kikapuni. Akasema, ‘Nifungie, nami nakulipa.’ Nikamwambia kufunga hakuna bei.”

“Tangu lini?”

“Miezi mitano sasa. Anakuja na mfuko mmoja, anaondoka na kifurushi kimoja.”

Miezi mitano. Niliwaza kwamba kila wiki mzee huyu alichana mifuko ya mtu aliyemwondolea wateja, akaimimina kwenye gazeti lake, akaifunga kwa kamba yake, bure, asubuhi zote zile, na hakuna mahali popote aliponitaja kwa ubaya. Ndipo nikalitazama duka. Rafu ya juu ilikuwa tupu. Ya kati ilikuwa na viberiti, vipande vya sabuni na makopo machache yaliyosogezwa mbele ili nyuma pasionekane. Gunia la mchele lilikuwa limekunjwa mdomo hadi karibu na sakafu. Mizani ilikuwa safi kabisa, safi ya chombo kisichotumika.

“Mzee,” nikasema, “wateja wako wako wapi?”

“Wana orodha,” akasema. Hakusema kwa kejeli. Ingekuwa afadhali.

Nilirudi nyumbani, nikapita moja kwa moja hadi uani na kumwomba wifi radhi. Niliomba nimesimama, mkono kifuani, na yeye akaendelea kupiga pasi kola ya shati la watu hadi nilipomaliza. “Mama aliniapisha,” akasema. “Alisema ukijua utamfungia na mlango.” Halafu akaniuliza kama nimekunywa chai. Huyo ndiye wifi yangu. Kanisamehe, lakini hadi leo akitaka sukari ananiomba mbele za watu, kwa sauti kubwa.

Usiku sikulala vizuri, na asubuhi nikafanya kosa lingine, maana mtu wa orodha hutubu kwa orodha. Niliandika karatasi ndefu kuliko zote. Magunia, madebe, katoni. Nikakodi mkokoteni na mwenye nao, nikamfuata Mzee Kamba.

“Nipe vyote hivi,” nikamwambia. “Na usichokuwa nacho agiza, nitangoja.”

Aliisoma karatasi mpaka chini. Akaikunja mara nne, kama anavyokunja gazeti, akanirudishia.

“Binti yangu, mimi sijafa. Mbona unanichangia rambirambi?”

“Nataka kununua tu, mzee.”

“Nikikuuzia yote haya leo, utarudi hapa lini? Baada ya mwaka. Duka halishibi karamu ya siku moja. Duka ni mtu kuja leo kuchukua kiberiti, kesho chumvi, ukamjulia hali, ukajua mtoto wake anaumwa. Haba na haba, wahenga walishasema, sisi tukaona ni habari ya kibaba tu.” Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. “Hata hivyo umechelewa kidogo. Chumba nimekirudisha kwa mwenyewe. Mwisho wa mwezi huu nafunga. Kuna kijana atauza vikava vya simu.”

“Mama anajua?”

“Sijamwambia. Nimejaribu mara mbili. Nafunga kifurushi, nafungua mdomo, nampa kifurushi.”

Nililia palepale, mimi niliyemzika baba na kaka kwa macho makavu huku nikigawa kazi kwa waombolezaji. Mwenye mkokoteni alitazama pembeni. Mzee Kamba alinipimia nusu kilo ya chumvi, akaifunga mafundo mawili, akapokea pesa yake, akasema, “Kesho karibu.”

Nilikwenda kesho yake, na kila siku iliyobaki, kabla ya kazi. Nilipita pia kwa majirani. Nilibisha hodi nyumba kumi na nne, nikasema maneno ambayo sikuwahi kudhani yatatoka kinywani mwangu: nunueni hapa, hata kitu kimoja, hata sabuni. Walinisikiliza. Wengine walikuja kweli, na wiki ile ya mwisho kulikuwa na foleni kwenye kaunta, watu wakimcheka mzee kwa kukawia kwake kufunga, naye akiwacheka. Mwenye chumba hakubadili neno lake. Alikuwa ameshapokea kodi ya yule kijana wa vikava.

Aliyebaki kuambiwa ni mama. Nilijipa moyo siku tatu. Siku ya nne nikaketi kitandani kwake, nikamshika mkono.

“Mama, Mzee Kamba…”

“Anafunga,” akasema. “Najua.”

“Nani kakwambia?”

“Duka lenyewe. Duka lililojaa halitoi mwangwi. Zamani nikisema shikamoo mle ndani, sauti yangu ilikuwa inamezwa na magunia. Siku hizi inanirudia.” Akanyoosha kanga magotini. “Ilianza kunirudia tangu mwaka jana, wakati wa mvua.”

Hakusema tangu ulipoanza kuninunulia. Alisema wakati wa mvua, akaniachia mengine niyamalizie mwenyewe.

“Nilitaka usianguke tena,” nikasema.

“Najua ulichotaka. Lakini mimi nilikuwa na hatua mia moja na kumi na nane zangu mwenyewe, mwanangu. Kila kitu kingine humu ndani mnanifanyia. Mnanivalisha hata soksi. Zile tu ndizo zilikuwa zangu, na kule mwisho kulikuwa na mtu anayeniuliza leo unataka nini.”

Nilimwomba radhi, ya pili ndani ya mwezi mmoja, na yeye akanipigapiga mgongoni kama mtu anayemcheulisha mtoto.

Siku ya mwisho Mzee Kamba alimletea mama kibiringo kizima cha kamba ya katani. Walikaa sebuleni na chai, ambayo mama aliipika mwenyewe, tamu sawasawa. Sikukaa nao. Kesho yake mzee alipanda basi kwenda kuishi kwa binti yake.

Wiki ya kwanza mama aliendelea kutoka asubuhi. Alikwenda hatua zake zote, akanyoosha mkono, akaigusa shata ya chuma mahali palipokuwa na kaunta, akasimama kidogo, akarudi na kikapu kitupu. Niliomba ruhusa ofisini nikamfuata kwa mbali siku mbili. Siku ya tatu nikamwambia, “Mama, tembea tu hapa uani kwetu, hapana utelezi.”

“Kuzunguka bila shughuli ni kazi ya kuku,” akasema.

Nikajaribu kufunga mwenyewe. Nilikaa jikoni na gazeti na ile kamba, nikavunja kucha mbili. Nikampelekea sukari, fundo moja. Aliigeuzageuza mikononi kwa muda mrefu.

“Hii umeifunga wewe.”

“Umejuaje?”

“Imelegea.” Halafu, labda kwa sababu alisikia nilivyovuta pumzi, akaongeza, “Lakini ni sukari. Hilo nimelijua.”

Alikiweka kifurushi mapajani. Akavua kiatu chake cha kulia, akapitisha kidole kwenye soli.

“Yule fundi viatu wa baada ya kichochoro, bado yupo?”

“Yupo. Ila siku hizi amekaa tu. Watu wananunua vipya.”

“Na mimi uliniletea vipya.”

“Ndiyo, mama.” Vilikuwa chini ya kitanda, pea mbili, nilivipata kwa punguzo.

“Kampe wifi yako. Mimi nabaki na hivi hivi vyangu, kisigino kimekwisha. Leo nitatengeneza kimoja. Cha pili kesho.”

Nikacheka na machozi yakanitoka kwa pamoja. Tukatoka. Hadi kwenye shata alikwenda mwenyewe, na hakuigusa. Kutoka pale ndipo njia mpya ilipoanza, akasimama, akaniambia nihesabu kwa sauti ili aikariri. Moja, mbili, tatu. Fundi alikuwa ameketi mbele ya kibanda chake, nyundo gotini, anatutazama. Hatua ya ishirini na sita kuna mtaro, si mpana, lakini una maji, na ukingo wake umemomonyoka. Fimbo ya mama iliufikia, ikagonga utupu. Mkono wangu ukatoka wenyewe, ukamshika kiwiko.

Alisimama. Hakunivuta wala hakukasirika.

“Niachie, mwanangu,” akasema. “Umenisaidia vya kutosha.”

Nikamwachia. Nikaufunga mkono wangu nyuma ya mgongo, na nikasema, ishirini na saba.